Aliyefuta Sauti ya Kajuju

Kwa aliyekosa gazeti la juma lililopita, mambo yalikuwa yamefikia hapa.

Gatwiri, fundi wa kompyuta mjini Embu, alifiwa na rafiki yake wa tangu utotoni, Kajuju, aliyeugua saratani ya damu akafia nyumbani kwa wazazi wake, Laare. Kabla ya kufa, Kajuju alinunua kompyuta mpya ya kumwachia bintiye Wamuyu. Aliagiza jambo moja tu: Gatwiri aiwekee Windows 11, maana ilikuja na ile ya zamani.

Babake Kajuju, Mwalimu Mbae, aliileta dukani ikiwa ndani ya boksi lake, imefungwa kama zawadi.

Gatwiri akaiwasha, akaanza kazi. Katikati ya kazi mashine ikamuuliza swali: ihifadhi faili zilizomo, au isihifadhi chochote?

Kompyuta mpya, akajiambia, ina nini?

Akabonyeza "Usihifadhi chochote". Kisha, kwa kuwa yeye ni fundi msafi, akafagia hata yale mabaki ambayo mashine yenyewe ilikuwa imeyaweka kando, endapo mwenye nayo angeyataka tena.

Kumbe Kajuju alikuwa amekaa na kompyuta ile katika majuma yake ya mwisho akijirekodi, video baada ya video, akimwachia mwanawe maneno ya kukua nayo. Wamuyu alipotimiza miaka tisa, familia iliizunguka meza, ikafungua. Hamna kitu.

Mwalimu alipompigia simu, Gatwiri alidanganya. "Mimi niliweka mfumo tu, Mwalimu. Vitu vyake sikugusa."

Ulikuwa uongo mfupi. Lakini uongo hauketi mahali ulipoachwa. Huo wa Gatwiri ulikuwa umeshatoka kwenda kutafuta mtu wa kumpanda mgongoni.

*

Ijumaa alasiri, Ngari aliingia dukani bila kubisha.

Ngari ndiye mume wa marehemu, Mmbeere mrefu asiye na maneno mengi, fundi wa mabomba ya maji. Mkononi alishika kikontena cha chakula cha mtoto. Akakiweka mezani, katikati ya kibodi mbili zilizofunguliwa.

"Fungua, shemeji."

Gatwiri akafungua. Wali na ndengu, haujaguswa.

"Ni wa leo," Ngari akasema. "Wa jana pia alirudi nao hivyo. Na wa juzi. Wamuyu hali kitu nikipika mimi."

"Ni mgonjwa?"

"Si mgonjwa. Mwongera alimpigia simu akamwambia kompyuta ilikaa kwangu hapa mtaani Majimbo kabla ya kufunguliwa, kwa hivyo ni mimi nilifuta. Ati nataka asahau mamake ndio nilete bibi mwingine kwa nyumba."

Mwongera ni kakake Kajuju, mfanyabiashara wa miraa pale Kangeta, mtu mwenye sauti ya kuuza hata asipouza.

"Na wewe umemwambia nini mtoto?"

"Nimemwambia ukweli. Sikuifungua hata boksi. Unajua amenijibu nini?" Ngari alikisogeza kikontena kwa kidole. "Ameniambia, 'Wewe ulimfuta mum.'"

Gatwiri akafunika kile kikontena. Kifuniko kilikataa kushika, akakibana kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

"Kesho wameniita Laare," Ngari akaendelea. "Wewe pia wamekuita, si ndio?"

"Mwongera alinipigia."

"Basi shemeji, mimi sijui haya mambo ya mashine. Ukiniuliza bomba limepasukia wapi nitakuonyesha. Lakini wewe unajua. Waambie tu sikugusa. Wakisikia kutoka kwako wataamini."

Hapo ndipo palikuwa pake pa kusema. Duka lilikuwa na watu wawili tu. Mlango ulikuwa wazi. Maneno yenyewe hayakuwa mengi.

"Nitawaambia," Gatwiri akasema.

Ngari akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akamshukuru, akaondoka. Kikontena alikisahau mezani. Gatwiri alikaa nacho hadi jioni, hakuweza kukitupa wala kumpelekea.

*

Nyumba ya Mwalimu Mbae iko juu kidogo ya soko la Laare, na miraa yake imeshuka hadi barabarani. Jumamosi ile wachumaji walikuwa bado mitini, wakitupiana maneno, wakaombwa wanyamaze kwa sababu kuna kikao.

Sebuleni walikuwa wachache. Mwalimu kwenye kiti chake. Mwongera amesimama. Ngari kwenye stuli karibu na mlango, mahali anapoketi mgeni asiyetakiwa. Mama Kajuju alikuwa anaingia na kutoka na chai, kimya. Tangu mazishi yule mama alikuwa amepunguza maneno hivi kwamba watu walikuwa wameanza kusema mbele yake kana kwamba hayupo.

Wamuyu aliambiwa aende nje akacheze. Hakucheza. Alisikika akikwaruza ukuta kwa kijiti.

Kompyuta ilikuwa mezani, imefunikwa kwa kitambaa cha kufuma.

"Tusizunguke," Mwongera akaanza. "Dada yangu aliongea ndani ya hii kitu wiki na wiki. Mimi mwenyewe nilimsikia kupitia dirisha. Leo hamna. Sasa ilipita mikono ya nani? Baba, ilipotoka hapa ilikuwa na kitu?"

"Ilikuwa nacho," Mwalimu akasema. "Kajuju aliifunga boksi mwenyewe mbele yangu. Akasema ile siri ya ndani atamweleza Gatwiri yeye mwenyewe."

"Gatwiri! Alikueleza?"

"Hapana," Gatwiri akasema. Huo ulikuwa ukweli, na ulimwuma kuliko uongo.

"Na ilipotoka kwako?"

Macho yote yakamgeukia. Ya Ngari yalikuwa na matumaini, kama ya mtu aliyemwona wakili wake akiingia.

"Mimi..." Gatwiri akapangusa mikono kwenye sketi. "Mimi niliweka mfumo. Ile ya kupandisha kutoka ya zamani hadi mpya."

"Na mfumo ukiwekwa, vitu vinapotea?"

"Havipotei. Ukiweka kwa njia inayofaa, vinabaki."

"Umesikia!" Mwongera akapiga kofi. "Fundi amesema vinabaki! Kisha ikaenda Majimbo, ikalala kwa huyu!"

"Shemeji," Ngari akasema polepole. "Waambie ile uliniambia jana."

"Mtu yeyote anaweza kufuta," Gatwiri akasema, akitazama kitambaa. "Hata mtoto. Hata kwa bahati mbaya. Siwezi kujua ni nani."

Alidhani amemsaidia. Alipoinua macho akaona alivyomfanya. Ngari alikuwa amerudi nyuma kwenye stuli yake kama mtu aliyesukumwa kifuani.

"Bahati mbaya!" Mwongera akacheka. "Huyu anaonekana kila wiki na mwalimu fulani wa kike wa Runyenjes, kaburi la dada yangu halijaota nyasi, halafu ni bahati mbaya?"

Akamkamata ukosi wa shati. Ngari hakujitetea. Aliachilia mikono ikaning'inia, akasema neno moja tu, "Mzee," akimwangalia Mwalimu.

"Mwache," Mwalimu akasema. "Mwongera, mwache, hapa si Kangeta."

Kisha akatoa uamuzi wake, kwa sauti ile ile aliyosomea matokeo ya mitihani miaka yote. Wamuyu atabaki Laare. Atahamishiwa shule ya hapa karibu. Ngari atakuja kumwona mtoto akipewa ruhusa, na ruhusa itategemea moyo wa Mwalimu.

"Ni mtoto wangu," Ngari akasema.

"Ni mtoto wa Kajuju," Mwalimu akajibu. "Na wewe Kajuju umemfuta. Gatwiri ni msichana wangu wa darasani, nilimshikisha kalamu mimi mwenyewe. Huyu hawezi kunidanganya."

Ngari akasimama. Alipopita karibu na Gatwiri hakumtukana. Alisema tu, kwa sauti ya kusikika na wawili:

"Ulisema utawaambia."

Nje, Wamuyu alimwona babake akija, akageuza uso ukutani mpaka alipopita.

*

Gatwiri aliomba kompyuta.

"Nijaribu kufufua," akamwambia Mwalimu. "Diski yake ni ile ya kuzunguka. Kilichofutwa hakiondoki mara moja. Huenda vipande vimebaki."

Uso wa yule mzee ukafunguka. Na hapo akafanya jambo ambalo Gatwiri angelipa chochote asilifanye. Alimwita karibu, akachukua mikono yake, akaifunika kwa yake, akafumba macho.

"Bwana, ibariki mikono hii. Mikono hii isiyo na hila. Iongoze itafute kile ambacho mwovu amekificha. Amina."

"Amina," Gatwiri akasema, na mikono ile ile ikapokea kompyuta.

*

Jumapili, watu wa Majimbo, ambako naye aliishi, wakiwa kanisani, Gatwiri alijifungia chumbani kwake, akaunganisha ile diski na mashine yake, akaiachia programu ya kufufua faili ichimbe.

Na hapa kuna jambo ambalo juma lililopita halikuandikwa, kwa sababu Gatwiri mwenyewe alikuwa hajajikubalia.

Haikuwa kwamba hakujua.

Siku ile dukani, alipoiwasha kompyuta ile, mpya, inanukia plastiki, kitu cha kwanza kumtokea kwenye kioo kilikuwa uso wa Kajuju. Kajuju akiwa na kitambaa kichwani, amekonda, anacheka. Aliiweka picha ile makusudi, iwe ndiyo inayomkaribisha Wamuyu kila akifungua.

Gatwiri hakuwa amemwona Kajuju akiwa amekonda vile. Hakwenda kumtazama hata mara moja. Alituma salamu, alituma matunda, alituma udhuru. Tangu mamake mwenyewe alale wodini asiamke, miguu yake ilikataa vitanda vya wagonjwa. Kila juma alisema juma lijalo, mpaka juma lijalo likawa la mazishi.

Kwa hiyo uso ule ulipomwangalia, hakutafuta faili. Hakuuliza kompyuta mpya imepataje picha. Alitaka tu uache kumwangalia.

Swali lilipotokea, alibonyeza upesi.

Programu ilichimba asubuhi yote. Ilichokuwa inatoa kilikuwa vifusi: picha zenye nusu ya kijivu, sauti zilizokwaruza kama redio iliyoanguka mtoni, video zisizofunguka. Moja ilionyesha bega. Nyingine ilionyesha ukuta wa jikoni kwa Mama Kajuju na kuku akipita, kisha ikafa.

Adhuhuri, video moja ikafunguka.

Kajuju alikuwa ameketi kitandani, blanketi begani. Akasogea karibu na kamera.

"Gatwiri," akasema.

Gatwiri akaruka kutoka kwenye kiti.

"Weh, usishtuke. Najua ni wewe, kwa sababu hapa kwetu hakuna mtu mwingine anaweza kufungua hii kitu bila kuiharibu." Akacheka, akakohoa, akangoja kikohozi kipite. "Hukuja kuniona. Usianze kulia sasa. Sikukasirika. Mimi ndiye nilikushikilia siku mamako alipokufa, ama umesahau? Najua wewe na wagonjwa hamuelewani. Ningekuwa nimekukasirikia singekupa hii kazi."

Gatwiri alikuwa amejiziba mdomo kwa kiganja.

"Sasa sikiza vizuri. Nikienda, Baba na Mwongera watamtaka Wamuyu. Wanampenda, sikatai. Lakini mtoto akae na babake. Ngari amenibeba hadi choo, Gatwiri. Ameniosha. Mwanamume akikuosha hivyo na hajakunja uso, huyo hashindwi kulea mtoto. Na akioa, aoe. Ni mimi nimemwambia aoe, yeye ndiye hataki kusikia. Sasa Baba nikianza kumwambia haya analia, nanyamaza. Wewe umwambie. Wewe anakuamini."

Akageuka kidogo, kana kwamba mtu amepita mlangoni, akashusha sauti.

"Halafu zile za Wamuyu ziko hapo chini, ni nyingi, mpaka ya siku ya harusi yake nimeweka, utacheka. Basi kabla hujaweka hiyo mfumo mpya, tafadhali zihamishe kwa fla..."

Picha ikakwama. Mdomo wa Kajuju ulibaki nusu wazi.

Gatwiri akairudisha nyuma, akaicheza tena. Ikakwama pale pale. Akaicheza tena.

Programu ilimaliza kuchimba alasiri. Iliandika kwamba hakuna kingine kinachoweza kufufuliwa.

*

Jumatatu hakufungua duka. Alifika Laare na kompyuta kifuani, umande wa vilima vya Nyambene haujakauka. Wamuyu alikuwa amepelekwa kuonyeshwa shule mpya na mjomba wake. Mwalimu na Mama Kajuju walikuwa peke yao.

"Umepata!" Mwalimu akasema kabla hata hajaketi.

"Nimepata moja, Mwalimu."

Akaifungua mezani. Mama Kajuju alitoka jikoni akifuta mikono, akasimama nyuma ya kiti cha mumewe.

Sauti ya Kajuju ikajaa sebule.

Mwalimu alisikiliza hadi mwisho bila kusogea. Ilipokwama kwenye lile neno, alingoja, akidhani itaendelea. Kisha akaelewa haiendelei.

"Rudisha," Mama Kajuju akasema.

Lilikuwa neno lake la kwanza Gatwiri kulisikia tangu mazishi. Akarudisha. Mama aliinama karibu na kioo, hakufuata maneno, alifuata sauti tu, kichwa kimeinamia upande mmoja.

"Amesema uzihamishe," Mwalimu akasema mwishowe. "Kabla."

"Ndiyo."

"Kabla ya mfumo."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Sasa ulizihamisha?"

Gatwiri alikuwa amepanga hotuba. Yote ikamtoroka.

"Ni mimi nilifuta," akasema. "Ngari hakugusa. Zilifutika mikononi mwangu, dukani kwangu. Nilipokwambia sikugusa, nilikudanganya. Jumamosi nikakudanganya tena, mbele yake."

Nje mchumaji alimwita mwenzake, akajibiwa.

"Ulikosea," Mwalimu akasema taratibu, kama anayemtafutia mwanafunzi alama. "Hukujua kuna kitu. Kompyuta ilikuwa mpya. Ni makosa ya kazi."

Ndipo Gatwiri akaona mlango umefunguliwa, mpana, wa kutokea. Alihitaji tu kutikisa kichwa.

"Sikukosea," akasema. "Nilipoiwasha niliona picha yake. Nilijua ameitumia. Ilikuwa inaniangalia, Mwalimu, na mimi sikuwa nimekuja kumwona. Nikataka iondoke. Mashine iliniuliza, nikaiambia ifute yote. Haikunilazimisha."

Mwalimu Mbae alisimama. Alikwenda dirishani akawapa mgongo. Mabega yake yalitikisika mara kadhaa, yakatulia.

Gatwiri alingoja atukanwe. Alitamani atukanwe. Alitaka afukuzwe, amwagiwe chai, aambiwe asikanyage tena Laare. Angebeba hayo kama mzigo wake halali.

Mzee alipogeuka, macho yalikuwa mekundu lakini sauti ilikuwa ya kawaida.

"Nani mwingine amesikia hii?"

"Hakuna."

"Ngari?"

"Bado. Nimekuja kwenu kwanza. Nikitoka hapa naenda kumwambia."

"Hapana," Mwalimu akasema.

Gatwiri akadhani hajasikia vizuri. "Mwalimu?"

"Hutamwambia. Hii itabaki kati yetu watatu. Utafuta hiyo nayo, uende kazini kwako."

"Lakini Kajuju amesema..."

"Nimesikia alichosema! Mimi si kiziwi!" Akapunguza sauti. "Alikuwa mgonjwa. Alikuwa na dawa kichwani. Alijua nini? Hakujua nitaamka kila siku nikiiona ile njia ya kisimani bila yeye. Wamuyu jana alicheka hapa, Gatwiri. Kicheko ni kile kile. Mama Kajuju alitoka jikoni akikimbia, akidhani..." Hakumaliza.

"Ngari ni babake."

"Ngari ni kijana. Ataoa, atazaa wengine. Mimi nitazaa wapi mwingine?"

Akaja hadi alipokuwa Gatwiri. Huyu ndiye mtu aliyemfundisha kuandika jina lake. Ndiye aliyemchapa siku aliyoiba chaki, akamwambia kuwa chaki si kitu, uongo ndio kitu. Sasa alikuwa akimnyooshea kidole.

"Umenifutia binti," akasema. "Usinifutie na mjukuu. Una deni na nyumba hii, na mimi sikuombi pesa. Nakuomba unyamaze. Ulishajua kunyamaza, si ndio? Hukusumbuka. Basi nyamaza tena."

Ni kweli, Gatwiri alijua. Na ndani yake, mahali ambapo hakupenda kupaangalia, kitu kilipumua kwa nafuu. Hakuna atakayejua. Duka litaendelea. Ngari atazoea, watu huzoea. Na hatakuwa amemkaidi Mwalimu, atakuwa amemtii.

Mkono wake ulikuwa tayari umeshafika kwenye kibodi.

Simu yake ikalia mezani.

Wote watatu waliliona jina kwenye kioo. Ngari.

"Usichukue," Mwalimu akasema.

Ikalia. Ikanyamaza. Ikaanza tena.

Mama Kajuju ndiye aliyenyoosha mkono. Aliichukua ile simu, akaibonyeza, akaiweka sikioni, na yule mama wa kunyamaza akasema kwa sauti ya mtu aliyekuwa amezungumza siku zote:

"Ngari. Ni mimi mama. Hapana, mtoto yuko salama, amekula, usilie. Ngoja kidogo."

"Mama Kajuju," Mwalimu akasema. "Weka hiyo simu chini."

Hakuiweka. Wala hakumtazama mumewe. Kwa mkono wake wa pili alikuwa ameondoa vidole vya Gatwiri kwenye kibodi, kimoja kimoja, bila hasira, kama anavyoondolewa mtoto karibu na moto.

"Nilidhani nitamwambia mimi," akamwambia Gatwiri. "Nimeona si haki. Mimi sikufuta."

Akamkabidhi simu.

"Nakukataza!" Mwalimu akapaza sauti. "Gatwiri, nakukataza!"

Simu ilikuwa na joto la shavu la Mama Kajuju. Ndani yake mtu alikuwa anapumua, akingoja, nyuma yake kukisikika maji yakifoka kwenye bomba fulani lililopasuka huko Embu.

"Hallo?" Ngari akasema. "Shemeji, ni wewe? Mbona mko pamoja? Kuna nini?"

Gatwiri alimwangalia Mwalimu wake, na Mwalimu, kwa mara ya kwanza tangu amjue, akapiga goti.